Picha akilini na ramani akilini si kitu kimoja

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi za Tanga huingia kwenye mjadala wa tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo atakayosoma mtoto kidato cha tano. Achukue PCM (fizikia, kemia na hisabati)? Au masomo ya lugha na historia? Siku hizi mjadala huo umepata mshauri mpya: majaribio mafupi yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mwambie mtoto afumbe macho, yanasema, afikirie tunda, kisha akueleze analiona kwa uwazi kiasi gani. Akiliona vizuri, basi ni "mtoto wa picha", anatumia ubongo wa kulia, mpeleke kwenye uchoraji, usanifu wa majengo au uhandisi. Asipoona kitu, ni "mtoto wa maneno", michoro na jometri hazimfai, mpeleke kwenye sheria.

Nimewasikia wazazi makini kabisa, watu wanaosoma na kufuatilia, wakiyarudia maneno haya nje ya lango la shule. Wengine wameshaanza kumwambia mwalimu, "Huyu wangu ni wa kuona, Mwalimu, maandishi hayamwingii." Jambo lenyewe lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linaaminika upesi. Ila ndani ya ujumbe ule mmoja yamefungwa pamoja mambo kadhaa ambayo wanasaikolojia wametumia zaidi ya miaka mia kuyatenganisha. Yakifunguliwa moja moja, ushauri wa tahasusi unaotokana nayo haubaki na mguu wa kusimamia.

Tuanze na tunda, na kwetu huku halitakuwa jingine ila chungwa la Muheza, lile la ganda la kijani lenye manjano ya kuparaza. Fumba macho ulifikirie. Watu wakiulizwa wanaona nini, majibu hupishana mno. Mmoja atasema analiona kana kwamba liko mezani, na vitundu vya ganda vinaonekana. Wa pili atasema anapata kitu hafifu kinachokuja na kupotea. Wa tatu atasema haoni chochote, giza tupu, ingawa anajua kila kitu kuhusu chungwa: rangi yake, ukubwa wake, harufu yake, hata bei yake sokoni Mgandini leo asubuhi.

Kinachoulizwa hapo kinaitwa taswira ya akilini. Ni ile hali ya kuona sura ya kitu, yaani umbo lake, rangi yake na mng'aro wake, wakati kitu chenyewe hakipo mbele ya macho.

Sasa jaribu jambo jingine. Ukiwa hapo ulipo, ndani, mlango umefungwa, nyoosha kidole upande ilipo bandari. Kisha nyoosha upande ilipo stendi ya Kange. Kisha ujiulize: ningekuwa nimesimama Kange nikiitazama bandari, nyumba yangu ingekuwa kulia kwangu au kushoto? Mwenyeji wa mji huu anaweza kuyajibu haya bila kuona rangi ya meli wala sura ya basi. Alichotumia ni ufahamu wa mpangilio: vitu viko wapi, vimeachana kwa umbali gani, vimeelekea wapi, na vitakaaje mtu akigeuka au vyenyewe vikigeuzwa.

Taswira na mpangilio. Tofauti hii ndogo ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata. Jaribio la chungwa linauliza la kwanza tu, kisha linatoa hukumu juu ya la pili.

Kwamba watu hutofautiana katika taswira si habari mpya. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowaomba waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa ya asubuhi hiyo na kueleza picha inayowajia: ina mwanga kiasi gani, rangi zimekolea au zimefifia. Wengine walieleza picha angavu. Lakini baadhi ya wanasayansi aliowauliza walimshangaa. Kwao, mtu anaposema "naiona akilini" alikuwa anatumia msemo tu, na hawakujua kwamba wapo wanaoona kweli.

Jambo hilo lililala kwa miaka mingi mpaka daktari wa ubongo Adam Zeman na wenzake walipoeleza, mwaka 2010, habari za mpimaji majengo mmoja mstaafu wa Uingereza. Mzee huyo alikuwa na mazoea ya kuziita akilini sura za jamaa zake na majengo aliyoyapenda kabla ya kulala. Baada ya matibabu ya moyo picha zote zilizimika, na hata ndoto zake zikawa hazina picha. Habari zake zilipotangazwa, watu walianza kumwandikia Zeman wakisema kwamba wao wamezaliwa hivyo. Mwaka 2015 hali hiyo ikapewa jina: afantasia. Makadirio ya watafiti huwa kati ya mtu mmoja na watu wanne katika kila mia. Si ugonjwa, na wengi huishi nayo mpaka utu uzima bila kujua kwamba wengine wanaona.

Mtu akisoma hapo tu, atasema: basi ujumbe wa WhatsApp umesema kweli, mtoto asiyeona chungwa hana kichwa cha michoro. Lakini tazama yule mpimaji majengo alivyofanya alipopewa majaribio. Aliletewa maumbo yanayotakiwa kuzungushwa akilini, kazi ambayo ungedhani haiwezekani bila picha, naye akajibu kwa usahihi. Tofauti ilikuwa kwenye mwendo wa majibu yake, ambao haukufanana na wa watu wengine. Akili yake ilifika kulekule kwa njia nyingine.

Hapa inabidi nieleze hayo maumbo, maana ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote katika saikolojia. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler, Wamarekani, waliwaonyesha watu michoro miwilimiwili ya maumbo yaliyoundwa kwa vipande vya mchemraba vilivyoungana na kupinda. Swali lilikuwa moja: je, hili ni umbo lilelile limegeuzwa, au ni jingine? Waligundua kwamba muda wa kujibu uliongezeka sawasawa na ukubwa wa pembe. Umbo lililogeuzwa kidogo lilijibiwa haraka, lililogeuzwa nusu mzunguko lilichukua muda mrefu zaidi, na ukipiga hesabu unapata mwendo wa takriban nyuzi 60 kwa sekunde. Watu walikuwa wakilizungusha umbo akilini, kwa mwendo unaopimika, kana kwamba kuna kitu halisi kinachogeuka.

Stephen Kosslyn na wenzake wakaja na lao mwaka 1978. Waliwafundisha watu ramani ya kisiwa cha kubuni chenye kibanda, mti, kisima, ziwa na kadhalika. Kisha, ramani ikiwa imeondolewa, waliwaambia waianzie sehemu moja na kwenda kwa akili hadi nyingine. Kadiri umbali kwenye ramani ulivyokuwa mkubwa, ndivyo muda ulivyorefuka. Ukitaka kuonja jambo hilo mwenyewe, panda kwa mawazo kutoka ufukwe wa Raskazone hadi bandarini, halafu kutoka Raskazone hadi Mapango ya Amboni. Ile safari ya pili ina uzito wake.

Hapakukosekana wapinzani. Zenon Pylyshyn alishikilia kwa miongo kadhaa kwamba hakuna picha yoyote kichwani. Kwa maoni yake, akili inahifadhi maelezo, na watu huchelewa kwa sababu wanajua kwamba safari ndefu huchukua muda. Ubishi huo ulikuwa na faida, kwani uliwalazimisha watafiti kubuni vipimo vikali zaidi, na mpaka leo haujamalizika kabisa. Mimi naona ushahidi umeelemea upande wa Kosslyn, hasa baada ya kile kilichoonekana Italia.

Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti walikuwa na wagonjwa wawili, wenyeji wa Milano, walioumia upande wa kulia wa ubongo. Watu wa namna hii huacha kuujali upande wao wa kushoto: chakula cha kushoto kwenye sahani hubaki, aliyesimama kushoto hatazamwi. Waliombwa wajione wamesimama kwenye uwanja mkubwa wa kanisa kuu la mji wao, wakilitazama kanisa, wataje majengo yaliyo pembeni. Wakataja ya kulia tu. Wakaambiwa sasa wajione wamesimama kwenye ngazi za kanisa, mgongo kwenye mlango, wakitazama upande wa pili. Wakataja tena ya kulia, na sasa yalikuwa yaleyale waliyoyaruka mwanzo! Majengo yote walikuwa wanayajua. Kilichopotea ni nusu ya mandhari kutoka pale mtu aliposimama, hata kama amesimama kwa mawazo tu. Taarifa hiyo ilitoka mwaka huohuo wa 1978, na kila nikiisoma huniacha kimya, kwa sababu inaonyesha kwamba kumbukumbu ya mji inakaa akilini ikiwa na kulia na kushoto.

Sasa turudi kwenye utengano wa taswira na mpangilio, maana ushahidi wake umekuja kutoka pande nyingi.

Upande wa kwanza ni ubongo wenyewe. Mwaka 1982 Leslie Ungerleider na Mortimer Mishkin walieleza kwamba habari za macho, zikishaingia nyuma ya ubongo, hushika njia mbili. Moja hupita chini kuelekea kwenye eneo la masikioni, nayo hushughulika na swali la "ni nini?" Nyingine hupanda juu kuelekea utosini, nayo hushughulika na "kiko wapi?" Miaka mitatu baadaye, David Levine, Joshua Warach na Martha Farah wakaeleza wagonjwa wawili waliokuwa kinyume kabisa. Mmoja alishindwa kueleza kwa kumbukumbu sura za watu, wanyama na rangi za vitu, lakini aliweza kueleza njia za kupita mtaani. Wa pili alieleza sura na rangi vizuri, lakini akashindwa kueleza njia. Uharibifu wa njia moja ya ubongo uliiacha nyingine ikiwa nzima.

Upande wa pili ni wasioona. Wapo watu waliozaliwa vipofu, hawajawahi kuona mwanga, na katika majaribio ya miaka ya 1970 walipewa maumbo ya kupapasa kwa mkono, waseme kama ni sawa au la. Nao muda wao uliongezeka kadiri pembe ilivyoongezeka. Walikuwa wakizungusha umbo akilini bila chembe ya picha. Anayetaka kulifahamu jambo hili kwa undani aketi na mtu asiyeona amweleze jinsi anavyokwenda msikitini na kurudi: hatua, pembe, sauti, mahali ambapo upepo wa bahari unaingia kwenye uchochoro. Huo ni mpangilio mtupu.

Upande wa tatu unawahusu haohao wasioliona chungwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Wilma Bainbridge na wenzake waliwaonyesha watu picha za vyumba, kisha wakawaomba wazichore kwa kumbukumbu. Wenye afantasia walichora vitu vichache zaidi na kutumia rangi kidogo, na baadhi yao waliandika neno mahali pa kuchora kitu. Lakini vile walivyochora viliwekwa mahali pake na kwa ukubwa wake sawasawa na wengine. Na makosa ya kuongeza kitu ambacho hakikuwamo, wao waliyafanya kidogo zaidi. Kama ningekuwa natafuta mtu wa kunichorea ramani ya kiwanja, matokeo haya yasingenipa sababu yoyote ya kumkataa mmoja wao. Hata uchoraji haujafungiwa wenye picha kali. Ed Catmull, aliyekuwa kiongozi wa kampuni ya katuni ya Pixar na mmoja wa waanzilishi wa michoro ya kompyuta, amesema hadharani kwamba haoni picha akilini.

Kinyume chake pia hutokea. Maria Kozhevnikov na wenzake, katika kazi za tangu miaka ya 2000, walionyesha kwamba hao tunaowaita "watu wa picha" kwa jumla ni makundi mawili. Wapo wanaoona sura kwa rangi na undani, ambao wengi waliwapata kwa wasanii. Wapo wanaoshika michoro, mizunguko na mahusiano ya sehemu, ambao wengi waliwapata kwa wanasayansi na wahandisi. Kuwa hodari katika moja hakukumpa mtu uhodari katika nyingine. Kwa hiyo mtoto anayeliona chungwa mpaka mbegu zake anaweza kabisa kuhangaika na mchoro wa mashine, na hakuna ajabu hapo.

Ukizunguka Tanga kwa jicho hili utakuta mpangilio kila mahali, na mara nyingi kwa watu ambao hawajawahi kuitwa "wa sayansi". Fundi cherehani anakata kitambaa kilicholala bapa huku akijua kitakavyozunguka bega. Mama anayesuka ukili wa rangi mbili anajua uzi mwekundu ukizama hapa utaibukia wapi. Fundi wa jahazi anauweka ubavu wa chombo bila kipande cha karatasi. Na wazee wa bao, jioni, na zile kete 64 katika mashimo 32: kabla mkono haujanyanyua kete, mchezaji ameshazitembeza akilini, amejua ya mwisho itaangukia shimo gani na itakula nini. Sijawahi kusikia mtu akiuliza wachezaji hao wanaona picha au hawaoni. Swali lingewachekesha. Wanajua ziko wapi, basi.

Tena kuna suala la kuijua njia, ambalo nalo limechanganywa humu. Mtu anaweza kuujua mji kwa namna mbili. Ya kwanza ni mfuatano: toka hapa, ukifika msikiti kata kushoto, hesabu nyumba tatu. Ya pili ni ramani: unajua sehemu zilivyokaa, hivyo ukikuta barabara imefungwa unapita pengine. Ngamiani, ambako barabara zina namba kwa kufuatana, panamsaidia mgeni kupata ramani upesi. Ukijua uko Barabara ya 8 unajua ya 12 iko upande gani. Vichochoro vya Makorora vinataka ukae navyo kwanza.

Ramani hiyo ya akilini ina makazi yake katika ubongo, kwenye sehemu iitwayo hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe alieleza seli za panya ambazo ziliwaka pale tu panya alipokuwa mahali fulani chumbani: seli hii kona ile, seli nyingine kona nyingine. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, wa Norwe, pamoja na wenzao wakaeleza seli jirani zinazopima nafasi kwa mpangilio wa pembe sita zinazojirudia. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Na je, ramani hiyo hukua? Jibu limetoka kwa madereva wa teksi wa London, ambao kabla ya leseni hutakiwa kukariri mitaa ipatayo 25,000, kazi ya miaka mitatu au minne. Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Baadaye waliwalinganisha na madereva wa mabasi wa mji huohuo, wanaoendesha saa nyingi lakini kwenye njia ileile kila siku. Hao hawakuwa na ukubwa huo. Mwaka 2011 wakatoa matokeo ya wanafunzi wa udereva wa teksi waliofuatiliwa tangu mwanzo: waliofaulu mtihani walikuwa wamebadilika, walioshindwa hawakubadilika. Kwa hiyo si kwamba wenye hipokampasi kubwa walijichagua wenyewe. Kazi ya kutunga njia mpya ndiyo iliyowajenga. Kijana wa bodaboda anayeamua mwenyewe apite wapi anafanya kazi ya namna hiyo. Yule anayesubiri simu imwambie "kata kulia" anaikwepa.

Nikifika hapa naweza kushughulikia yale madai yenyewe.

"Mtoto wa picha afundishwe kwa picha." Dai hili limezaa semina na vitabu duniani kote. Mwaka 2008 Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake watatu wa Marekani walilipitia kwa makini. Walisema ushahidi unaotakiwa ni rahisi kuueleza: wagawe wanafunzi kwa mtindo wanaodaiwa kuwa nao, kila kundi nusu lifundishwe kwa mtindo wake na nusu kwa mtindo mwingine, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Waliofundishwa kwa mtindo wao wafaulu zaidi. Tafiti zilizofanywa hivyo zilikuwa chache mno, na kadhaa kati ya hizo zilipingana na dai. Watu wana wanachokipenda, hilo ni kweli. Lakini kupenda picha hakumfanyi mtu ajifunze zaidi kwa picha pekee. Kinachoamua ni somo. Mzunguko wa damu unataka mchoro kwa kila mtoto. Tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, inataka sikio kwa kila mtoto, na hakuna mwalimu wa madrasa atakayekubali kumfundisha mwanafunzi makhraji ya herufi kwa picha tu eti kwa sababu "ni wa kuona".

Kwa nini mchoro husaidia wote, hata asiyeona chungwa? Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza mwaka 1974 kwamba tunachokishikilia akilini kwa wakati mmoja, tukikifanyia kazi, ni kidogo sana. Sehemu hiyo ni kama meza ya muuza samaki pale Deep Sea: changu wachache wakijaa, wa kuongeza anamsukuma mwingine chini. Mtoto anayesomewa tatizo la jometri kwa maneno matupu anashikilia pembe, mistari na namba zote juu ya meza moja. Ukimpa karatasi achore, umempa meza ya pili.

"Anatumia ubongo wa kulia." Chanzo chake ni kazi halisi ya Roger Sperry, aliyepata Nobel mwaka 1981 kwa kuchunguza watu waliokatwa mishipa ya fahamu inayounganisha nusu mbili za ubongo ili kutuliza kifafa. Ni kweli kwamba lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto kwa watu wengi, na baadhi ya kazi za mpangilio huegemea kulia. Lakini mtoto wako hajakatwa ubongo. Watafiti wa Utah waliochapisha mwaka 2013 walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 wakitafuta wale wanaoutumia upande mmoja kuliko mwingine kwa jumla. Hawakuwapata.

"Wasichana hawana kichwa cha ramani." Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu nalisikia likisemwa mbele ya wasichana wenyewe. Katika jaribio la kuzungusha maumbo, wastani wa wanaume huwa juu, na tofauti hiyo imeonekana mara nyingi, siwezi kuificha. Lakini wastani haumwelezi mtoto aliye mbele yako. Makundi mawili yanaingiliana kwa sehemu kubwa, na wasichana wengi huwapita wavulana wengi. Zaidi ya hapo, uwezo wenyewe hufundishika. Sheryl Sorby, mhandisi wa Michigan, alianza mwaka 1993 kuwapa kozi fupi wanafunzi wa uhandisi waliofeli mtihani wa mpangilio, na wanawake walifeli kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Walichora maumbo kutoka pande tofauti, wakayageuza, wakayakata kwa mawazo. Alama zao za masomo mengine ya uhandisi zilipanda na wengi zaidi wakabaki chuoni. David Uttal na wenzake walipokusanya tafiti 217 za mafunzo ya namna hii, mwaka 2013, walikuta kwamba mazoezi husaidia wanawake na wanaume, wadogo na wakubwa, na faida hudumu.

Basi mzazi anayetaka kujua kama binti yake anafaa PCM ana njia bora kuliko chungwa. Atazame alama zake za hesabu na fizikia za miaka miwili. Amuulize mwalimu anashindwa wapi hasa: ni kuelewa mchoro, ni hesabu, au ni kusoma swali lenyewe? Kama ni mchoro, asimwondoe kwenye somo. Akate kiazi mbele yake mshazari na amwombe achore uso wa mkato kabla ya kuutazama. Ampe boksi la kiatu, alifungue, alichore likiwa bapa, kisha alikunje tena. Amwache aongoze njia kutoka Chumbageni hadi nyumbani bila simu. Amkalishe kwenye bao na babu yake. Wiki za mwanzo atakosea sana, hasa pale umbo linapogeuzwa zaidi ya robo mzunguko, na hapo ndipo mazoezi yanapotakiwa kuongezwa. Fomu ya tahasusi isubiri mpaka mambo hayo yamejaribiwa.